Miamba ina majina

Wanafunzi wenzangu wa Kasongo na Kabambare, likizo tukifika Kongolo, tunakimbilia miamba ya Lualaba jua linapotua. Picha zinapendeza, sikatai. Lakini chini yake tunaandika "Portes d'Enfer", milango ya jehanamu. Jina hilo ni la Wazungu. Meli zao hazikuweza kupita hapo, ndiyo sababu moja ya reli ya Kindu–Kongolo. Mvuvi wa pale haendi kuvua jehanamu!

Kabla ya kutoa simu, tumwulize mzee mwenye mtumbwi: mwamba huu mnauitaje? Na ule? Na maji yanayozunguka? Tuandike Kihemba chake pamoja na toni, ambazo Kiswahili chetu hakina. Picha isiyo na majina hayo, mimi nisingeipokea katika jarida letu, hata ing'ae namna gani.