Wasemao Kuwa Singeli ni Kelele

Wako miongoni mwetu watu wa elimu na heshima ambao, wasikiapo singeli ikipigwa, hutamka neno moja tu, kelele, na kwao hukumu imekwisha. Mimi nakata rufaa.

Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman aliwakusanya wapigaji saba, yeye akiwa wa nane, wakagawanyika makundi mawili, wakapiga karibu dakika 37 bila ya kituo. Kundi moja lasikika katika spika ya kushoto, la pili katika ya kulia. Santuri hiyo, Free Jazz, ilitoka mwaka 1961. Januari 1962 gazeti la Down Beat lilichapa hukumu mbili zipinganazo: mhakiki mmoja aliipa nyota tano, mwenzake hakuipa hata moja. Namheshimu huyo wa pili. Naona alikosea, lakini alisikiliza, akaandika sababu zake, zikaweza kujibiwa. Mwaka 2007 Coleman huyo huyo alipewa tuzo ya Pulitzer kwa santuri nyingine.

Wahukumu wetu wamesikiliza nini? Sounds of Sisso, mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, wapatikana kwa kila mwenye simu. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na mafundi wake wamezoea kutwaa vipande vya taarabu, kuvikata, kuviharakisha na kuvirudia hata asili yake ikafichika. Kazi hiyo yataka sikio, tena sikio kali. Nakubali kuwa baadhi ya nyimbo zina matusi, na nyingine zimetengenezwa ovyo. Basi wimbo mbovu na ushtakiwe peke yake, usishtakiwe pamoja na ukoo wake wote.

Liko kundi jingine, nalo lanikera zaidi: wale walionyamaza mpaka singeli ilipoalikwa katika matamasha ya Ulaya, ndipo wakaitangaza kuwa fahari ya taifa. Hao nao hawakusikiliza, wamesoma tangazo. Wachezaji wa vigodoro vya Manzese na Tandale hawakuwangoja.

Darasani twahesabu mizani za tenzi silabi kwa silabi. Naomba saa moja tu, na spika mbili nzuri, kwa ajili ya muziki huu. Atakayetoka humo akisema bado ni kelele, aandike sababu zake katika kurasa hizi, nami nitamjibu.