Aliye Kifungoni Bado ni Wetu



Mzazi mwenye mwana gerezani akiulizwa habari zake hujibu, "Yu safarini." Aibu hiyo twaielewa, lakini mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwaka 2013, kwa jirani zetu wa Hong Kong, Padri John Wotherspoon, Mwaustralia aliyewahudumia wafungwa, aliwahimiza waliofungwa kwa kubeba dawa za kulevya, Watanzania wakiwamo, kuwaandikia barua za wazi ndugu zao nyumbani. Barua zilisambazwa, zikawaonya vijana juu ya hadaa za matajiri wanaowatuma. Padri hakutetea kosa. Alimtetea mkosaji, na yule ambaye angekosea kesho.

Huku kwetu Guangzhou hatari imezidi. Hong Kong haina adhabu ya kifo. Sheria ya China bara yairuhusu kwa msafirishaji wa heroini kuanzia gramu 50.

Basi tusinyamaze. Mkataba wa Vienna wa 1963 wampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe. Tuwaombee wafungwa msikitini na kanisani. Kisha tuwaandikie, na tubishe hodi ubalozini.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.