Boti ya Tana: laifu jaketi kwanza, pawabenki baadaye

Likizo ikikaribia naulizwa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, nibebe kifaa gani kwa safari ya boti kutoka upande wa Garsen hadi Kipini, Tana inapoingia Bahari ya Hindi. Wengi hutarajia nitaje simu. Mimi naanza na laifu jaketi. Aprili 2024, wakati wa mafuriko, boti ilizama Mororo, mto huu huu, na watu wakafa. Hakuna programu inayoelea.

Haya, sasa tuje kwenye vifaa:

1. Ramani uliyopakua mapema. GPS haili bando. Simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti. Lakini bila ramani utaona kidoti kwenye skrini tupu.

2. Pawabenki. Ya mAh 10,000 huipa simu kama 6,000 hivi. Namba ile kubwa ni ya volti 3.7, USB hutoa 5, na nishati nyingine hupotea kama joto. Piga hesabu kwa 6,000.

3. Mfuko usioingiza maji. Ukiufunga na hewa ndani, huelea.

4. Tochi, chandarua, maji ya kunywa.

Na mkono usiutoe nje ya boti kutafuta picha nzuri: mamba wamo, viboko wamo.

Nahodha akisema jaketi hazitoshi? Mimi nabaki Garsen nanywa chai. Safari njema!