Tuhesabu Gharama Kabla Lori Halijafika



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za Mbulu na Hanang zimelipitia au zitalipitia, nalo ni kuhamia mkoa mwingine. Pengine baba amepata uhamisho, au amepata kazi ya mbali. Pengine shamba la urithi limegawanywa na kugawanywa tena, hadi kipande kilichobaki hakitoshi kulisha watoto.

Kuhama si jambo geni kwetu. Wazee wa Kiiraqw walitoka katika milima ya Kainam wakaenea Mbulu, Karatu na Hanang kadiri ardhi ilivyojaa. Lakini wao walihama na ng'ombe wao na mbegu zao, wakaenda mahali ambapo jembe liliwapa chakula. Sisi leo mara nyingi tunahamia nyumba ya kupanga, mahali ambapo kuni zina bei, maziwa yana bei, na hata maji ya kuoshea vyombo yana bei. Tofauti hiyo ndiyo inayotuumiza, kwa sababu hatuihesabu.

Katika Mwanzo 12 tunasoma jinsi Abramu alivyoondoka Harani pamoja na Sarai, Lutu na mali yao yote. Biblia haikuandika ni nani aliyefungasha mizigo ile, lakini kila mama aliyewahi kuhama anajua. Na katika Luka 14:28 Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa apige hesabu zake kabla ya kuanza. Basi mama anayeshika kalamu na daftari kabla ya kuhama asiambiwe kwamba hana imani.

KOSA LETU WENYEWE

Mwaka 2018 tulihama kutoka Mbulu kwenda Tabora. Baba watoto alikuwa amepata kazi huko, na gharama zote zilikuwa zetu. Tuliketi tukapanga bajeti, tena tulijiona hodari sana. Tulihesabu lori, wapakiaji, nauli za watoto na chakula cha njiani. Hesabu ikakaa sawa hadi shilingi ya mwisho, tukamshukuru Mungu, tukalala.

Tulichosahau ni chungu cha jikoni. Nyumbani tulikuwa na mahindi ghalani, maharage, maziwa ya ng'ombe wetu na kuni za mpakani mwa shamba. Vyote hivyo havikuwahi kuandikwa katika matumizi yetu, kwa kuwa hatukuvinunua. Tulipofika Tabora tukajikuta tunanunua kila kitu, kuanzia mkaa asubuhi ya kwanza. Mshahara wa kwanza ulikuwa bado wiki tano. Wiki ya tatu mtoto wetu wa mwisho akashikwa na malaria kali, akalazwa. Fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa ilikwisha, kisha cherehani ikauzwa kwa bei ya kutupa. Mwezi wa pili lilikuja neno zito zaidi: tuuze shamba la Mbulu. Mungu alitusaidia hatukuliuza, lakini tulifika ukingoni.

Hayo tunayasema ili wewe usiyapitie. Lori ni sehemu tu ya gharama ya kuhama. Gharama kubwa inakusubiri kule uendako, katika miezi mitatu ya kwanza.

NANI ANALIPA?

Swali hili liulizwe siku ileile habari inapofika nyumbani. Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri wake ana haki ya kulipiwa uhamisho: nauli yake na ya familia, usafirishaji wa mizigo, na posho za kujikimu na usumbufu. Lakini aliyeomba kuhama kwa sababu zake mwenyewe hujigharamia. Mwombe mzee akuonyeshe barua, muisome pamoja, maana maneno machache katika barua hiyo ndiyo yanayoamua bajeti yenu.

Hata pale mnapostahili kulipwa, malipo huweza kuchelewa. Fedha iliyo kwenye karatasi msiihesabu kama fedha iliyo mkononi. Tunzeni nakala za barua na stakabadhi zote mpaka mtakapolipwa.

MAFUNGU MANNE

Tuseme mmefanikiwa kukusanya shilingi 2,400,000. Bei za kwenu zitakuwa nyingine, kwa hiyo tazameni mpango wenyewe kuliko tarakimu.

Fungu la safari, 900,000: lori, wapakiaji wa kupakia na wa kushusha, nauli za basi, chakula cha njiani.

Fungu la kuingia, 700,000: wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 3 au 6 kwa mara moja. Vyumba viwili vya jumla ya 80,000 kwa mwezi ni 480,000 kwa miezi 6. Dalali naye mara nyingi hutaka kodi ya mwezi mmoja, yaani 80,000. Zinabaki 140,000 za vyandarua, kufuli, ndoo za maji na jiko la mkaa.

Fungu la chungu, 600,000: hili ni la miezi mitatu, sawa na 200,000 kila mwezi. Mama alishike mwenyewe, na lisiguswe kwa ajili ya lori hata dereva akipandisha bei.

Fungu la dharura, 200,000: ugonjwa, msiba, au mshahara kuchelewa.

Ili kujua fungu la chungu linahitaji kiasi gani, fanya zoezi dogo. Kwa wiki mbili kabla ya kuhama, andika kila kitu kinacholiwa na kuchomwa nyumbani, hata kile usichonunua: debe la mahindi, vikombe vya maziwa, mzigo wa kuni, mboga za bustanini. Kisha mtafute ndugu au Mkristo mwenzako aliyeko huko uendako akupe bei za sokoni. Sisi tungelifanya zoezi hilo, cherehani ingekuwepo hadi leo.

Mafungu yakikataa kutosha, ipo njia nyingine. Baba atangulie, apange chumba kimoja, na familia imfuate baada ya miezi michache. Si rahisi kwa ndoa, nasi hatumshauri mtu akae hivyo miaka. Wekeni tarehe ya kukutana, muiandike.

KIPI KIENDE, KIPI KIBAKI?

Lori hutoza kwa nafasi na umbali. Kila kitu kiulizwe: Je, kukibeba ni nafuu kuliko kukinunua huko? Kitanda kizito na kabati la zamani mara nyingi hushindwa swali hili. Magodoro, sufuria, vyombo, nguo na cherehani hushinda. Mablanketi mazito ya baridi ya Mbulu yapunguzeni ikiwa mnakwenda mahali pa joto.

Chakula kipewe nafasi ya kwanza. Kwa nyumba ya watu sita, gunia la mahindi la kilo 100 laweza kufika mwezi mzima au zaidi. Magunia matatu na debe chache za maharage yatapunguza sana mzigo wa fungu la chungu. Utaratibu uliowekwa mwaka 2017 uliondoa ushuru kwa mazao yasiyozidi tani 1 yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hata hivyo bebeni barua ya ofisi ya kijiji inayoeleza kwamba ni chakula cha familia inayohama.

Ng'ombe ni habari nyingine. Kumsafirisha kunahitaji kibali cha mtaalamu wa mifugo, na huko mjini huenda hakuna pa kumfunga. Kwetu ipo desturi nzuri ya kumkabidhi ndugu au rafiki ng'ombe amtunze, naye anywe maziwa. Ifuateni, lakini siku hizi muandikishane: ng'ombe wangapi, rangi gani, na ndama watakaozaliwa watakuwa wa nani. Maandishi hulinda undugu.

Kuhusu lori, ulizeni mapema magari yanayorudi tupu. Katesh ipo kwenye barabara kuu ya kutoka Babati kwenda Singida, na magari mengi hupita hapo. Mwenye lori anayerudi bila mzigo hupunguza bei kuliko anayetumwa maalumu. Familia mbili zinazokwenda njia moja zinaweza pia kugawana lori.

WAKATI GANI?

Wenye nafasi ya kuchagua wachague baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. Chakula kipo, na barabara za milimani zimekauka. Kuhama wakati wa masika ni kulipia lori lililokwama matopeni. Tena likizo ya katikati ya mwaka huwapa watoto nafasi ya kuingia shule mpya muhula unapoanza. Mtoto mwenye mtihani wa taifa mwaka huo asihamishwe kiholela, maana amesajiliwa katika kituo chake. Bora abaki kwa shangazi au bibi hadi amalize.

AFYA YA WATOTO

Jambo hili halingoji. Watoto waliokulia kwenye baridi ya Mbulu hawajazoea malaria. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Manyara hata mtoto 1 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano hakufikiwa kwa maambukizi, wakati Tabora ilikuwa zaidi ya mtoto 1 kati ya 5. Kwa hiyo vyandarua vyenye dawa visifungwe chini ya mizigo. Viwe juu kabisa, vitundikwe usiku ule ule mnaofika. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Sisi tulingoja siku mbili tukidhani ni uchovu wa safari.

KARATASI KATIKA MFUKO MMOJA

Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliwakumba ndugu zetu wa Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zikahama bila kujiandaa hata saa moja. Tope haliulizi vyeti viko kabati gani. Tangu siku ile tunasema: karatasi za nyumba zikae katika mfuko mmoja usiopitisha maji, na siku ya kuhama mfuko huo ubebwe na mama mkononi, usipande lori.

Ndani yake kuwe na vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa, kadi za kliniki, vitambulisho, fomu za uhamisho wa shule, kadi za bima ya afya, hati au barua za shamba, barua ya utambulisho kutoka kijijini, na barua ya kuhama usharika au parokia. Hiyo ya mwisho wengi huisahau. Lakini siku mtoto wetu alipolazwa, waliotuletea uji hospitalini walikuwa akina mama wa usharika ambao walikuwa wametufahamu kwa Jumapili mbili tu.

SHAMBA NA NYUMBA

Tunamaliza na neno hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Gharama zikibana, macho ya wengi huenda kwenye shamba na nyumba walizoziacha. Mama, fahamu haki yako. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mume wala mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Usitie sahihi au dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa, hata ukiambiwa lori linasubiri.

Tena msiliache shamba hivi hivi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema ardhi ya kimila isiyokaliwa wala kutumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Mpeni ndugu alilime kwa makubaliano ya maandishi, na ofisi ya kijiji ijue. Sisi tulifanya hivyo, na kila mwaka baada ya mavuno magunia mawili hutufikia. Shamba ambalo karibu tuliuze ndilo linalotulisha.

Haya yote hayawezekani ikiwa baba anapanga peke yake na mama anapewa taarifa ya siku ya lori. Ketini wawili, mwombe, mfungue daftari. Mkimaliza, waiteni watoto mwaambie wanakokwenda, na wazee wawaombee baraka. Wazee wa Kiiraqw wanajua maombi ya slufay, mmoja akisema na wengine wakiitikia. Hata Mkristo anayekwenda mbali huhitaji kusikia watu wake wakimwitikia Amina.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Ni vitu gani tunavyotumia nyumbani kila siku bila kununua? Vingegharimu kiasi gani mjini?

2. Karatasi za nyumba yetu ziko wapi leo?

3. Usharika wetu unawapokeaje akina mama wageni waliohamia kwetu?

Hadi mwezi ujao, Mungu alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.