Bomba la Moshi Katika Hewa ya Chumvi

Gari linalokaa Bagamoyo huliwa kutoka pande mbili. Nje, upepo wa bahari huleta chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu. Ndani, petroli inapoungua hutoa mvuke. Katika safari fupi bomba la moshi halipati joto la kutosha, mvuke hugeuka maji, na chuma hutoboka. Si ajabu, basi, mwenye gari kubadili bomba hilo mwenyewe, uani, chini ya mwembe.

Kazi hiyo si ya kulaumiwa. Linalostahili lawama ni desturi ya kung'oa masega, kile kipande chenye vitundu kama sega la nyuki, na kuweka bomba tupu ili gari lingurume. Masega yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, metali zinazosaidia kugeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu ipatayo mara 200 ya oksijeni. Kiungo kibovu kikivuja chini ya sakafu, abiria husinzia asijue kwamba anavuta sumu.

Hivyo basi, afanyaye kazi hiyo nyumbani asubiri bomba lipoe, asilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, ayarudishe masega, na ajaribu injini mahali pa wazi.

Mwalimu naye aweke misumari miwili, mmoja katika maji ya kisima, mwingine katika maji ya bahari. Wanafunzi watajionea wenyewe kwa nini viungo vya bomba hukaguliwa mapema pwani.