Kampala si ya Kununua Nguo Tu

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu pale Juja ameniandikia akiuliza jambo ambalo naamini linawasumbua wengi. Yeye na wenzake watatu wamejiwekea akiba, likizo inakaribia, na wanatamani kuuona mji mkuu wa nchi ya kigeni kabla hawajamaliza masomo. London hawaiwezi. Waende wapi?

Nendeni Kampala. Lakini nendeni mkaone. Wakenya wengi wakifika kule huteremka basini, huingia soko la Owino, hununua nguo na viatu, na jioni wamo basini tena. Ukiwauliza wameona nini, watakutajia bei.

Safari yenyewe haina makuu. Kutoka Juja mtapanda matatu hadi Nairobi, kisha basi la usiku mpaka Busia au Malaba. Tangu 2014 Mkenya mtu mzima huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, bila pasipoti. Chukueni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana aghalabu huulizwa siku ile umekisahau nyumbani. Wazazi wanaokwenda na watoto wapite ofisi ya uhamiaji mapema, kwani mtoto hana kitambulisho. Shilingi yetu moja hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, basi msijione matajiri mnapokabidhiwa lile bunda la noti.

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Namirembe pana kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga la Wakatoliki. Kilima cha Old Kampala, alipojenga ngome Mwingereza Lugard mwaka wa 1890, leo kina Msikiti wa Taifa, ambao wengi bado huuita wa Gaddafi kwa sababu ulimalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi 2008. Mimi ningeanzia hapo. Pandeni mnara wake asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu, nanyi mtauona mji wote umelala chini yenu. Akina dada watapewa vazi la kujisitiri mlangoni. Makerere, iliyoanzishwa 1922, mwanafunzi hawezi kuipita: ndiko alikosoma Nyerere, ndiko alikosoma Kibaki, na ndiko Ngũgĩ, angali mwanafunzi, alikohudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika mwaka wa 1962.

Mahali ambapo ningewaomba mkae sana ni Kasubi. Hapo wamezikwa makabaka wanne wa Buganda katika nyumba moja kubwa ya nyasi iliyoanza kama kasri la Mutesa wa Kwanza. Ndani, dari ina pete 52, moja kwa kila ukoo wa Waganda. Mbele yenu litaning'inia pazia la nguo ya magome ya mti, na nyuma yake ndiko wanakoita msituni. Kwa Waganda kabaka hafi, huenda msituni. Wawili kati ya hao wanne walifia ugenini: Mwanga alifariki mwaka wa 1903 huko Ushelisheli alikopelekwa na Waingereza, na mifupa yake ikarudishwa 1910, Mutesa wa Pili alifariki London 1969, miaka mitatu baada ya majeshi ya Obote kulishambulia kasri lake la Mengo, akarudishwa kwao 1971.

Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto. Watu walilia barabarani kama waliofiwa upya. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuijenga tena, wazee wa koo za waezekaji wakisimamia kila tita la nyasi, na mwaka wa 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Basi ulizeni kwanza mnachoruhusiwa kukiona siku hiyo. Vueni viatu, akina dada wavae sketi ndefu au wajifunge leso, na kamera ikae mfukoni mpaka mruhusiwe. Si jumba la maonyesho lile, ni kaburi la watu wenye wana na wajukuu.

Jambo jingine ni lugha. Msishangae mkisema Kiswahili mkajibiwa kwa Kiingereza. Kule kilikuwa lugha ya kambi za askari, na Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka wa 1973 hakukifanyia hisani yoyote, kwani watu walikisikia kikitoka kwa mwenye bunduki. Mambo yanabadilika, mwaka wa 2022 baraza la mawaziri liliamua kifunzwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo anzeni na "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume au "nnyabo" kwa mwanamke, kisha mtaona Kiswahili chenyewe kikijitokeza.

Kwa chakula, matoke na mchuzi wa karanga vitawatosha mchana, na jioni kuna rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, inayokaangwa kando ya barabara. Kule mkisikia "taxi", ni matatu ile ile ya kwetu. Na msipange safari karibu na tarehe 3 Juni isipokuwa mnakwenda kuhiji Namugongo, maana siku hizo mahujaji hujaa, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka huku kwetu Kenya, na kitanda cha bei nafuu hakipatikani.