Spartak Walishuka Daraja na Hakuna Mdosi Aliwaokoa

Wasee, mnakumbuka Aprili 2021 vile timu 12 tajiri za Ulaya zilitangaza Super League yao? Form ilikuwa rahisi: waanzilishi 15 wanapewa kiti cha kudumu. Ucheze fiti, ucheze ovyo, hushuki. Mafans wakawaka, na ndani ya siku mbili timu zote sita za Uingereza zikajitoa mbio. Lakini usidhani hiyo stori iliisha hapo. Desemba 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria ambazo FIFA na UEFA walitumia kuizuia hazikuwa halali.

Kwa hivyo swali bado liko mezani: nani anafaa kulindwa asishuke daraja? Jibu poa zaidi naliona mbali kidogo, Muungano wa Sovieti, msimu wa 1977, ligi ya daraja la pili.

Cheki. Mwaka wa 1976 Wasovieti waligawanya msimu mara mbili, ligi fupi ya mechi 15 kila moja. Ile ya pili ikawamaliza Spartak Moscow. Hawa si watoto, buda. Walikuwa mabingwa mara tisa, timu ya raia, huku Dynamo ikiwa ya polisi na CSKA ya jeshi. Na kuwaokoa kuliwezekana. Mwaka wa 1967 Zenit ya Leningrad ilimaliza mkiani ikaachwa ligi kuu, juu nchi ilikuwa inasherehekea miaka 50 ya Mapinduzi. Spartak nao hawakupata hiyo bahati. Wakashuka.

Huko chini kulikuwa na timu 20, mechi 38, na safari za kuchosha mpaka Asia ya Kati. Spartak wakamleta Konstantin Beskov, msee aliyepata jina akichezea Dynamo, mahasimu wao wakubwa. Hakukimbilia mastaa. Alimtoa Georgi Yartsev daraja la tatu huko Kostroma, akiwa na miaka 28 hivi, umri ambao wengi wangemwambia amechelewa. Spartak wakabeba hiyo ligi, wakarudi juu. Mwaka wa 1978 Yartsev akawa mfungaji bora wa ligi kuu na mabao 19. Mwaka wa 1979 Spartak wakawa mabingwa wa nchi nzima.

Kushuka kuliwalazimisha kufagia nyumba. Ukiwa na kiti cha kudumu, nani atakushikisha ufagio?

Sasa kuna timu ya pili iliyopanda na Spartak 1977: Pakhtakor ya Tashkent, Uzbekistan. Jina lenyewe linamaanisha mkulima wa pamba. Tarehe 11 Agosti 1979 walikuwa wanaenda Minsk kucheza mechi ya ligi. Ndege yao ikagongana na nyingine angani juu ya Ukraine. Watu 178 wakafa, 17 wakiwa wa Pakhtakor, wachezaji na maafisa. Timu ikaisha hivyo tu.

Timu zingine zikawapa wachezaji. Ligi nayo ikasema Pakhtakor hawatashuka kwa miaka mitatu, wamalize nambari gani. Na hawakulala kwa hiyo huruma: 1982 walimaliza nambari sita.

Hapo ndipo naona tofauti. Pakhtakor walikingwa juu walizika timu nzima, na kinga yenyewe ilikuwa na mwisho. Wadosi wa Super League walitaka kinga ya milele juu wana doo, na wakishaomoka hawataki kurudi chini hata siku moja. Hii ni kufunga mlango ukiwa ndani, halafu msee kama Yartsev na timu ndogo kama Pakhtakor wabaki nje wakichungulia dirishani.

Timu yako ikivurunda msimu huu, ungetaka iokolewe na wadosi ama ishuke ijipange? Na usijibu kishabiki.